Pampu ya Ngamani

Faili ilifika kutoka Ulsan Jumanne asubuhi,
vipande sitini na kimoja, majina yote tarakimu.
Nikaifungua. Kiwambo cheupe, kitupu
kama uwanja wa meli hapa Turku mwezi wa Februari.
Onni, mwanagenzi wetu, akasema: wametuletea hewa.

Nikazungusha gurudumu la kipanya, nikarudi nyuma,
nyuma tena, hadi gridi ikawa vumbi,
na kule pembeni, punje ya mtama.
Milimita elfu arobaini na moja mia mbili hamsini kutoka tezi,
elfu sita mia tatu na kumi kushoto kwa mkuku,
elfu moja mia nne sabini na tano juu yake.

Aliyeichora hakuichora mezani.
Aliichora pale itakapokaa,
ndani ya meli ambayo bado haipo,
akaihesabu kila skrubu kutoka tezi.

Onni hana subira na vitu vya mbali.
Nilipokwenda kujaza kahawa aliinasa pampu kwa kipanya,
akaiburuta hadi sifuri, sifuri, sifuri,
akahifadhi, akapiga mluzi.

Saa nane, simu ya Kivistö kutoka gatini:
"Vuokko, nani ameweka pampu ya ngamani
chini ya usukani? Inaning'inia majini.
Samaki wataiwasha."

Enda tezi, enda omo, marejeo ni ngamani:
hii ilienda tezi, ikasahau marejeo.

Sikumgombeza. Faili ya awali ilikuwa bado kwenye barua.
Nikamvutia kiti. Pampu usiiguse, nikamwambia.
Chagua kitako chake, penye matundu manne ya bolti,
simika hapo mihimili mitatu mipya, uipe jina.
Akaandika: meza.
Sasa kiambie kiwambo kisimame mezani.

Kiwambo kikaruka, pampu ikajaa mbele yetu,
ya kijivu, nene, kila jino la giya likihesabika.
Tukapima flanji. Tukasogeza tundu moja milimita mbili.
Yenyewe haikujua kwamba imetembelewa.

"Kwa hiyo tuliosogea ni sisi."
Ni sisi.

Ndani ya basi la jioni, sijui kwa nini, bibi Hilja.
Waliondoka Karelia na ng'ombe mmoja na cherehani,
na mpaka ukachorwa upya nyuma ya migongo yao.
Sisi tulimhamisha mara tatu:
ghorofa ya pili, ghorofa ya tano, kisha nyumba ya wazee,
na kila jikoni alinyoosha kidole,
kupita friji, kupita ukuta, kupita televisheni ya jirani:
"Kisima kiko kule. Hatua arobaini na mbili, halafu shuka."
Mama alifungua bomba, akamwonyesha maji.
Bibi aliitikia kwa kichwa, kwa adabu,
kama mtu anayetajiwa saa naye saa anayo mkononi.

Mama alikuita huko kupotea.
Mimi, mwaka ule aliozikwa, nilirudi chumbani mwake
na dira, na ramani iliyochapwa kabla ya vita,
nikasimama aliposimama, nikanyoosha mkono alikonyoosha.
Alikosea nyuzi tatu.
Tatu tu, na zile huenda ni zangu.

Ijumaa tuliirudisha faili Ulsan.
Kabla ya kubonyeza, Onni alizisoma namba kwa sauti,
bila kuambiwa, kama mwalimu anayeita majina:
arobaini na moja elfu, mia mbili hamsini. Yupo.
Kushoto, elfu sita mia tatu na kumi. Yupo.
Juu ya mkuku, elfu moja mia nne sabini na tano.

Ile meza yake hakuifuta. Aliizima tu, akaiacha ndani.
"Labda na wao," akasema, akitafuta koti lake,
"watataka pa kukaa."